Kuchagua Rangi ya Kuta kwa Sebule Yenye Giza

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa katika mitaa iliyobanana ya Magomeni, Manzese na Tandika, zina sebule ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kati ya dirisha na ukuta huo pana nafasi ya mita moja au mbili, juu yake pamefunikwa na paa lililotokeza, na kwenye dirisha lenyewe kuna grili, wavu wa mbu na pazia, kila kimoja kikipunguza mwanga kabla haujafika kwenye kochi. Mwenye nyumba anapoamua kupaka rangi upya, karibu kila mtu humpa shauri lile lile: paka nyeupe, nyumba itapata mwanga. Nililifuata shauri hilo katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Magomeni. Tulipaka nyeupe kabisa, tabaka tatu, na kabla wiki haijaisha kuta zilikuwa na sura ya majivu yaliyolowa: kijivu pembeni, rangi ya bluu iliyofifia nyuma ya televisheni, na usiku, chini ya taa nyeupe, sebule nzima ilifanana na wodi.

Kosa halikuwa la fundi. Nyeupe haina mwanga wake yenyewe. Kazi yake ni kurudisha ule unaoifikia, na mwanga ukiwa mchache, tena umekwisha pita kivulini, kinachorudishwa ni kivuli hicho hicho. Ndiyo maana nyeupe inayong'aa kwenye kibaraza kilicho wazi kuelekea bahari huonekana chafu ndani ya chumba kilichobanwa. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Badala ya kukilazimisha chumba chenye giza kifanane na chumba chenye jua, tunakitafutia rangi yenye joto, iliyokolea kiasi cha kuonekana hata mwanga ukiwa hafifu, na tunaichagua kwa kuangalia saa ambazo familia hukaa humo kwa kweli.

Hatua ya kwanza: Ujue mwanga ulio nao

Kabla ya kushika kadi ya rangi, tenga siku moja ya kukiangalia chumba. Ingia saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, kisha saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa, na kila mara bandika karatasi nyeupe ya kawaida ukutani, mahali ambapo macho yako huelekea ukiwa umekaa. Karatasi hiyo itakuonyesha jambo ambalo jicho lililozoea chumba halilioni tena, yaani mwanga wako una rangi gani. Kama nje ya dirisha pana mwembe, karatasi itaelekea ukijani. Kama jirani amepaka ukuta wake bluu, mwanga unaogonga ukuta huo utaingia kwako ukiwa umechukua sehemu ya bluu hiyo. Ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa lipu huleta mwanga wa kijivu, na huo ndio uliotuharibia nyeupe yetu ya Magomeni. Rangi yoyote utakayoipaka itachanganyika na rangi ya mwanga huo, kwa hiyo ni lazima uifahamu kabla ya kununua chochote.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu na ushauri unaotoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambao husema kwamba chumba kinachotazama kaskazini ndicho chenye mwanga wa baridi na kile cha kusini ndicho chenye jua. Huko ni kweli, kwa sababu jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua letu la mchana huvuka utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mnamo wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hata hivyo pande zote mbili linapita juu sana, na paa likitokeza vizuri, jua la saa sita haliingii ndani kabisa. Kwetu tofauti kubwa ni ya mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki hutoa mwanga mkali wa asubuhi, kisha chumba hupoa rangi tangu saa tano. Dirisha la magharibi huacha chumba kikiwa na giza asubuhi nzima, halafu hukijaza mwanga wa dhahabu kuanzia saa kumi. Mwenye sebule ya magharibi anaweza kuchagua rangi iliyopoa kidogo, kwa kuwa jioni jua litamwongezea joto bila gharama. Mwenye sebule ya mashariki, au isiyopata jua la upande wowote, hana msaada huo, na joto lote lazima litoke kwenye rangi na taa.

Siku hiyo hiyo, okoa mwanga unaopotea bure. Vua wavu wa mbu uuoshe kwa maji ya sabuni, kwa maana wavu uliokusanya vumbi la misimu miwili huziba mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani. Sogeza fimbo ya pazia itokeze pande zote mbili za dirisha, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kuacha kioo chote wazi. Na kama ukuta unaotazamana na dirisha ni wa uzio wako mwenyewe, upake huo nyeupe, kwa upande wa nje. Hapo ndipo nyeupe inapofanya kazi yake, kwa sababu huko nje iko chini ya anga na ina mwanga wa kurudisha. Kama ukuta ni wa jirani, mwendee kwa heshima umwombe ruhusa na umweleze kwamba gharama ni yako. Wengi hawakatai mtu akiwapakia ukuta wao.

Hatua ya pili: Anza na taa, si rangi

Katika familia nyingi sebule ni chumba cha usiku. Mchana watu wako kazini, shuleni, jikoni au kibarazani. Wanakutana sebuleni kuanzia magharibi hadi muda wa kulala. Basi rangi ya sebule huonekana zaidi chini ya balbu kuliko chini ya jua, na kuichagua saa sita mchana, mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, ni sawa na kununua nguo kwa kuangalia kipimo cha mtu mwingine.

Angalia boksi la balbu. Pameandikwa namba ikifuatiwa na herufi K, yaani kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu nyingi za LED zinazouzwa katika maduka yetu ni za 6500 K, zile nyeupe zenye ubluu, na watu huzipenda kwa sababu zinaonekana kali. Chini ya mwanga huo, hata rangi ya mchanga au ya chai ya maziwa hupoteza joto lake na kuelekea kijivu. Balbu za 2700 K hadi 3000 K, ambazo wauzaji wengi huziita taa za njano, hutoa mwanga unaokaribia ule wa karabai au wa jua linapozama, na ndizo zinazofaa sebuleni. Kama boksi lina pia herufi CRI au Ra, chagua iliyo na namba 80 au zaidi, na ukipata ya 90 ni bora, kwa maana namba hiyo inaonyesha balbu inavyozifikisha rangi kwenye macho bila kuzipotosha.

Jambo la pili ni mahali taa zinapokaa. Balbu moja katikati ya dari humulika vichwa vya watu na sakafu, na kuta zinabaki gizani. Lakini ni kuta zinazolifanya jicho liamue kama chumba kina mwanga au hakina. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 2,500 hadi 3,000 kwa jumla zinatosha, na balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, kwa hiyo unahitaji tatu au nne. Zigawe: moja darini, mbili ukutani zikimulika ukuta wenyewe, na moja ya mezani au ya kusimama kwenye pembe yenye giza kuliko zote. Zifunge kabla ya kununua rangi. Nimeshaona sebule ambayo, baada ya kubadilishiwa balbu tu, wenyewe waliahirisha kupaka kwa mwaka mzima.

Hatua ya tatu: Isome kadi ya rangi vizuri

Kadi za watengenezaji wakubwa huwa na namba inayoandikwa LRV, ambayo hueleza sehemu ya mwanga inayorudishwa na rangi hiyo, kutoka 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Nyeupe za dukani ziko juu ya 80, krimu ziko kwenye 70 na kitu, rangi za mchanga na ufuta ziko kati ya 50 na 65, za udongo wa mfinyanzi kati ya 25 na 40, na rangi ya damu ya mzee huwa chini ya 10. Kama kadi yako haina namba hizo, kunja macho nusu ukiitazama: rangi zitakazoonekana kufanana na kijivu cha saruji iliyokauka ndizo za katikati.

Kwa kuta kuu za sebule yenye giza, kipimo ninachokiamini ni kati ya 45 na 65. Chini ya hapo chumba huanza kudai taa mchana kutwa. Juu ya hapo ndipo yale majivu yanapoanza. Huo ni uamuzi wangu baada ya kupaka na kufuta, na mtu mwenye dirisha kubwa kuliko letu anaweza kupanda hadi 70 bila kujuta.

Baada ya ukolevu, tafuta rangi iliyojificha. Hakuna krimu isiyo na kitu ndani yake. Nyingine ina njano, nyingine waridi, nyingine ina kijani, na nyingine ina kijivu ambacho hutakitambua hadi siku ya pili baada ya kupaka. Njia rahisi ya kuigundua ni kuiweka kadi juu ya karatasi nyeupe, kisha kuangalia rangi kali iliyo mwisho kabisa wa safu ile ile ya kadi, kwa sababu mara nyingi zile za juu ni nyepesi ya hiyo ya chini. Kama ya mwisho ni kahawia yenye wekundu, zilizo juu yake zitakuwa na joto. Kama ni kijani ya ugoro, zitapoa kivulini.

Katika sebule yenye giza, rangi hizi hazijaniangusha: ya mchanga mkavu wa pwani, ya ufuta, ya ngano, ya chai yenye maziwa mengi, na ile ya udongo wa chungu ambacho bado hakijachomwa. Zote zina njano au wekundu kidogo ndani, na mwanga wa taa ya njano ukizigusa, zinakubaliana nao. Wanaopenda kijani wajaribu iliyopauka yenye njano, inayokaribia majani ya mchaichai yaliyokauka, na waepuke kijani ya mnanaa, ambayo kivulini hugeuka ya hospitali.

Kuna nyingine zinazohadaa. Njano kali, ambayo watu huichagua wakidhani italeta jua ndani, kivulini huelekea kijani, na mtu akikaa karibu na ukuta wake uso wake huonekana wa mgonjwa. Bluu na kijivu zilizo maarufu katika picha za mitandaoni zimepigwa picha katika vyumba vyenye madirisha makubwa. Kwako zitashuka na kuwa nzito. Rangi nyekundu na ya damu ya mzee zina tatizo la aina yake. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně alieleza katika karne ya 19 kwamba mwanga unapofifia, jicho hupoteza wekundu kabla ya bluu, na maua mekundu yanayowaka mchana huonekana meusi alfajiri na magharibi. Ukuta mwekundu hufanya vivyo hivyo. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla taa hazijawashwa, au umeme ukikatika, unakuwa kama shimo jeusi. Si vibaya kuutumia, lakini uwe mmoja tu na uwe na taa yake.

Huenda msomaji akauliza kuhusu nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo vyumba vyake vina giza na kuta zake ni nyeupe, na bado mtu akiingia hutamani kukaa. Ni swali la haki. Lakini nyumba zile zina kiwanda katikati, uwazi unaoelekea angani, na mwanga wake huingia kutoka juu na kugonga kuta zilizopigwa lipu ya chokaa, ambayo si nyeupe ya dukani: haina ubluu, inakunywa mwanga kidogo na kuurudisha taratibu. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo hakuna pembe iliyo mbali sana na mwanga. Halafu kuna zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, na kila kidaka hubeba kivuli chake. Waliozijenga walijua kwamba katika joto la pwani, chumba chenye kivuli ni pumziko. Anayeishi katika nyumba ya namna hiyo abaki na chokaa yake. Sisi wa nyumba za matofali, zisizo na kiwanda, hatuwezi kuchukua weupe wao tukaacha mwanga uliouwezesha.

Hatua ya nne: Angalia vitu visivyobadilika

Rangi ya ukuta haikai peke yake. Vigae vya sakafu, makochi, kabati la televisheni na milango ya mbao vitabaki pale pale, na ni rahisi kuifuata sakafu kuliko kuibadilisha. Vigae vyeupe vinavyong'aa, vyenye ubaridi, huhitaji ukuta wenye joto zaidi pamoja na zulia au mkeka wa kuvunja mng'ao. Sakafu nyekundu ya saruji iliyopigwa rangi, ambayo bado ipo katika nyumba nyingi za zamani, tayari inatoa joto, kwa hiyo ukuta wa ufuta au wa ngano unatosha. Ukiupaka wa udongo, chumba kitaonekana kama ndani ya chungu.

Dari ipakwe nyeupe iliyotiwa krimu kidogo, isiyong'aa. Kama dari iko chini, teremsha rangi hiyo ya dari sentimita 10 hivi ukutani, na jicho halitatambua vizuri ukuta unapoishia. Ukuta wenye dirisha nao una sharti lake: kwa kuwa jicho hulinganisha ukuta huo na mwanga wa kioo kilicho pembeni yake, huonekana wenye giza kuliko kuta zote. Kwa hiyo usiweke hapo rangi nzito hata kidogo. Ukitaka ukuta mmoja uliokolea, chagua ule ulio nyuma ya kochi kubwa au ule wa mwisho wa chumba.

Hatua ya tano: Jaribu, tena usiku

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami ningeomba isirukwe hata kama fedha ni chache. Chagua rangi tatu, si zaidi, ununue kopo dogo kuliko yote la kila moja. Usizipake moja kwa moja ukutani, kwa sababu rangi ya zamani itazizunguka na kuzipotosha. Kata vipande vitatu vya hadibodi au boksi gumu, kila kimoja kisipungue nusu mita kwa nusu mita, uvipake nyeupe kwanza, kisha rangi yenyewe mara mbili, ukiacha ukingo mweupe wa vidole viwili kuzunguka kipande. Subiri hadi kesho yake. Rangi ya maji hukolea kidogo inapokauka, na anayeihukumu ikiwa mbichi huihukumu visivyo.

Kisha vihamishe vipande hivyo: asubuhi kwenye ukuta ulio mbali na dirisha, mchana kwenye ukuta wa dirisha, usiku nyuma ya kochi. Viangalie ukiwa umekaa, kwa kuwa ndivyo utakavyoviona siku zote. Viangalie pia chini ya taa ya chaji, umeme ukiwa umezimwa.

Tulipoamua kuifuta ile nyeupe yetu, nilisimamisha vipande vitatu: cha ufuta, cha udongo na cha kijani ya mchaichai. Fundi wetu, mzee aliyepaka nyumba nyingi za mtaa ule, aliviangalia saa saba mchana na kutikisa kichwa. "Mwanangu, hii ya udongo itakula mwanga wote," alisema. "Chukua ya ufuta, usijisumbue." Nikamwambia, "Mzee wangu, nakuomba upite tena baada ya swala ya isha." Alipita. Taa za njano zilikuwa zimewashwa, moja ikimulika ukuta wa nyuma ambapo kipande cha udongo kiliegemea. Alivua kandambili mlangoni, akaketi kwenye ncha ya kochi, akatazama kwa muda. Kile cha ufuta kilikuwa kimetulia kama maziwa yaliyopoa. Cha kijani kilikuwa kimekufa kabisa. Cha udongo kilikuwa na rangi ya ngozi ya mtu aliyekaa karibu na jiko. "Basi tuchanganye," akasema. "Kuta tatu ufuta, huu wa nyuma udongo." Ndivyo tulivyofanya, na nyumba hiyo tuliikaa miaka minne bila kugusa ukuta.

Hatua ya sita: Aina ya rangi na maandalizi ya ukuta

Kwa kuta za sebule tumia rangi ya maji. Isiyong'aa, ambayo mafundi huiita mati, huficha mawimbi ya lipu na kuupokea mwanga kwa upole, na ndiyo inayoleta utulivu tunaoutafuta. Yenye mng'ao kidogo, inayoitwa siliki, hurudisha mwanga zaidi na kuoshwa kwa urahisi, lakini huonyesha kila kovu la ukuta taa ikiumulika kwa ubavu. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kuweka mati inayooshika; ni ghali kidogo, ila alama za mikono hutoka kwa kitambaa chenye maji.

Chumba chenye giza mara nyingi kina unyevu pia. Ukiona chumvi nyeupe ikichipuka chini ya ukuta, au kuvu nyeusi kwenye pembe, usiifunike kwa rangi, kwa maana itarudi kabla ya mvua za masika kwisha. Tafuta kwanza chanzo: bomba linalovuja, udongo uliorundikwa nje kupita usawa wa sakafu, au maji ya paa yanayomwagika karibu na msingi. Kikishatibiwa, acha ukuta ukauke, sugua, ondoa vumbi, paka praima. Lipu mpya iachwe takriban wiki nne kabla ya kupakwa.

Katika nyumba ya zamani iliyowahi kupakwa rangi ya mafuta, usipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto na wajawazito kuliko wengine. Lowesha ukuta unapopiga msasa, watoe watu ndani, na upige deki mara mbili kabla ya kuwarudisha.

Hatua ya saba: Piga hesabu, kisha nunua kwa pamoja

Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mzunguko wa mita 18. Zidisha kwa kimo cha mita 2.8, unapata mita za mraba 50 na kitu; toa milango miwili na madirisha mawili, zinabaki kama 43. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa tabaka moja kwenye ukuta laini, kwa hiyo tabaka mbili zitakula lita 8.6. Makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1 yanatosha kwa hesabu, lakini ukuta mkavu au wenye lipu chakavu hunywa zaidi, na ni salama kuwa na lita mbili za ziada.

Kama rangi inachanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja na uombe namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kopo. Makopo yakiwa zaidi ya moja, yamimine kwenye ndoo moja kubwa uyakoroge pamoja kabla ya kuanza, kwa sababu tofauti ndogo kati ya kopo na kopo itaonekana katikati ya ukuta kama mstari wa maji.

Hatua ya nane: Kupaka

Anza na dari, kisha kuta, mwisho milango na fremu. Kingo zipigwe kwa brashi na katikati kwa rola, ukuta mmoja uishe kabla ya kuanza mwingine ili rangi isikauke nusu. Tabaka la kwanza litaonekana lina mabaka, na mtu asiogope wala asikimbilie dukani kubadilisha. Subiri saa zilizoandikwa kwenye kopo, kwa kawaida mbili hadi nne, na zaidi kidogo wakati wa mvua, kisha paka la pili. Acha madirisha wazi usiku huo na mlale chumba kingine.

Baki la rangi litie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, uandike ubavuni namba ya mchanganyiko, jina la ukuta na tarehe, kisha uihifadhi mbali na watoto. Siku kabati litakapokwaruza ukuta wakati wa kuhamishwa, brashi ndogo na chupa hiyo vitamaliza kazi kwa dakika tano.